Datsun ya urithi: jinsi gari kuukuu la Kijapani linavyofufuliwa uani

Katika miji ya Kenya na Tanzania si ajabu kukuta, nyuma ya nyumba ya mzee aliyefariki dunia, gari refu la Kijapani limepandishwa juu ya mawe. Magurudumu yamekwisha kutolewa, vioo vimefunikwa na vumbi, na kuku wamejifanyia makao kwenye kiti cha nyuma. Warithi hukabiliwa na swali moja: gari hilo liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au lirudishwe barabarani?

Swali hilo si la kumbukumbu peke yake. Linagusa fedha, sheria ya mirithi na maisha ya watakaosafiri ndani ya gari hilo. Makala haya yanaeleza, kwa kutumia mfano wa gari moja linalojulikana sana katika kanda hii, yaani Datsun 1600 ya aina ya stesheni wagoni, kazi hiyo inahitaji nini, inaanzia wapi, na ni wakati gani ni busara kuiacha.

Gari lenyewe

Kampuni ya Nissan ilizindua gari hilo nchini Japani mwezi Agosti 1967 kwa jina la Bluebird. Wahandisi na mafundi hulitambua kwa namba 510, na katika nchi nyingi liliuzwa kwa jina la Datsun 1600. Namba hiyo ya 1600 inatokana na ukubwa wa injini yake, L16, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,595. Bloku ya injini hiyo ni ya chuma cha kusubu, silinda hedi yake ni ya alumini, na kemshafti iko juu, ikizungushwa na mnyororo badala ya mkanda.

Sifa yake Afrika Mashariki ilijengwa na mbio za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 na katika miaka yake ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata Herrmann alishinda tena, safari hiyo na Datsun 240Z. Shekhar Mehta, dereva mzaliwa wa Uganda aliyeishi Kenya, alishinda kwa Datsun mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kwa wananchi wa kawaida ujumbe ulikuwa wazi: gari lililohimili matope na mawe ya Safari lingeweza kuwafikisha shambani na kuwarudisha nyumbani.

Stesheni wagoni haikuwa gari la mbio. Ilikuwa gari la familia na la biashara, lililobeba watoto, magunia, na mara nyingine jeneza. Tofauti yake kubwa na saluni iko nyuma. Saluni nyingi za 510 zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, ilhali wagoni ilipewa ekseli moja ya chuma iliyolala juu ya springi za vipande bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mpango huo si laini barabarani, lakini unabeba mzigo, na fundi wa kawaida anaweza kuutengeneza bila vifaa maalumu.

Kwa nini magari haya yamekuwa adimu

Sheria za uingizaji wa magari zimebana. Kenya, kwa kanuni ya jumla, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Shirika la Viwango la nchi hiyo, KEBS, ndilo linalosimamia kiwango hicho. Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Tanzania haikufunga mlango, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu.

Lengo la hatua hizo ni kupunguza ajali na moshi, na kuzuia nchi za kanda zisigeuzwe jalala la magari yaliyokataliwa kwingine. Lakini kuna tokeo jingine: magari ya miaka ya 1960 na 1970 yaliyokwisha kusajiliwa ndani ya nchi ndiyo karibu hazina yote iliyobaki. Kila moja linalokatwa kwa gesi na kuuzwa kwa kilo halirejei tena.

Wakati huohuo, wanaoyatafuta wapo. Maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika Nairobi tangu mwaka 1971, na tangu mwaka 2003 kumekuwa na mbio za Safari za magari ya zamani, ambazo zimekuwa zikipita Kenya na Tanzania. Mtu anayefika uani kununua "chuma chakavu" huenda anajua thamani ya gari hilo kuliko warithi wenyewe.

Karatasi kabla ya spana

Kosa la kwanza hutendeka kabla ya boneti kufunguliwa. Ndugu mmoja, aghalabu yule anayeishi karibu au mwenye kupenda magari, huanza kutumia fedha zake katika gari ambalo kisheria bado ni la marehemu. Miaka miwili baadaye gari linang'aa, na ndugu wengine wanakuja kudai fungu lao.

Nchini Kenya mali ya marehemu haiwezi kuuzwa wala kuandikishwa kwa jina jipya mpaka mahakama itoe idhini ya kusimamia mirathi na kuithibitisha. Kwa Waislamu, shauri hilo linaweza kupelekwa kwa Kadhi. Mtu anayeshughulika na mali ya marehemu bila mamlaka hayo anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo familia yenye hekima huketi kwanza, huandika ni nani anamiliki nini, ni nani atagharamia matengenezo, na gharama hizo zitahesabiwaje siku ya kugawana.

Hatua ya pili ni kulinganisha namba. Kadi ya gari, ambayo Wakenya huiita logibuku, ina namba ya chesisi na ya injini. Namba hizo zitafutwe kwenye kibao kilichomo chini ya boneti, kwenye bodi na kwenye bloku ya injini, ambako maandishi L16 hutangulia tarakimu. Iwapo injini iliwahi kubadilishwa na mabadiliko hayo hayakuripotiwa kwa mamlaka ya usajili, tatizo hilo litatuliwe mwanzoni. Gari zuri lisilo na karatasi ni pambo la uani tu.

Kutu: adui aliyejificha

Bodi ya magari ya wakati ule ilitengenezwa kwa mabati membamba, na kinga dhidi ya kutu haikuwa kama ya leo. Gari lililokaa Nakuru au Arusha, kwenye hewa kavu ya nyanda za juu, linaweza kuwa zima baada ya miaka 20 ya kusimama. Lililokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, katika hewa ya chumvi, linaweza kuwa limekwisha ndani ilhali rangi yake bado inapendeza.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi wa kwanza ni wa chini, si wa injini. Fundi hupitisha bisibisi na kugonga taratibu katika sehemu ambazo maji hutuama: sakafu chini ya mazulia, vizingiti vilivyo chini ya milango, sehemu ya chini ya mbawa za mbele, kingo za kioo cha mbele, na pale springi za nyuma zinapofungwa kwenye bodi. Wagoni ina sehemu zake za ziada: ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, mabati yaliyo chini ya vioo vya ubavuni, na shimo la gurudumu la akiba. Bati zima hulia. Bati lililooza hutoa sauti iliyokufa, na bisibisi huzama.

Tofauti ya msingi ni hii. Kutu juu ya ubawa au mlango ni suala la sura, kwa kuwa vipande hivyo hufunguliwa na kubadilishwa. Kutu katika vizingiti, sakafu na mahali pa kufungia springi ni suala la uhai, kwa sababu gari hili halina fremu pekee inayobeba mwili. Mwili wenyewe ndio fremu. Sehemu hizo zikilegea, gari hujikunja lilipogongwa.

Tiba ya kutu ya aina hiyo ni moja tu: kukata bati bovu hadi kufikia lililo zima, na kuchomelea jipya. Kupaka fila juu ya tundu na kulisawazisha kwa msasa ni udanganyifu unaodumu msimu mmoja wa mvua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakukusudia ufa uzibwe kwa unga na gundi.

Kazi ya kuchomelea vizingiti hutaka tahadhari moja ambayo wengi huisahau. Kabla ya kukata, bodi ishikiliwe kwa vyuma vya muda ndani ya fremu za milango, na milango ijaribiwe kufungwa kila baada ya hatua. La sivyo, gari litapinda kidogo kidogo, na siku ya mwisho milango haitaingia mahali pake. Tangi la petroli liondolewe na kupelekwa mbali, na lisichomelewe kamwe uani: tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko tangi lililojaa.

Kufungua kwa mpangilio

Magari mengi yanayoishia kwa wauza vyuma hayaishii huko kwa sababu ya ubovu. Yalifunguliwa kwa shauku ya wiki moja, vipande vikatiwa katika ndoo moja, kisha fedha zikaisha. Mwaka mmoja baadaye hakuna anayekumbuka bolti ipi ilitoka wapi.

Njia ya kuepuka hali hiyo ni rahisi na haina gharama. Picha ipigwe kabla ya kila kitu kufunguliwa. Kila kundi la bolti litiwe katika mfuko wake, na karatasi yenye jina la sehemu iingie humo. Waya zifungwe vipande vya karatasi vyenye namba pande zote mbili za kiungio. Gari lisifunguliwe lote kwa pamoja. Mfumo mmoja umalizwe ndipo mwingine uguswe. Na mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake au na matofali. Jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia ni kazi ya stendi za chuma, na mbao ngumu chini yake pale penye udongo.

Kuiamsha injini

Hamu ya kusikia injini ikinguruma huwafanya wengi wafunge betri mpya na kuzungusha ufunguo siku ya kwanza. Huo ndio wakati injini iliyonusurika miaka 15 huharibika kwa sekunde 10. Ringi za pistoni huenda zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu nyepesi, na oili yote imeshuka chini.

Utaratibu salama huanza kwa kufungua plagi nne, kumimina oili nyepesi kidogo katika kila silinda, na kusubiri siku moja au zaidi. Kisha injini huzungushwa kwa mkono, kwa spana iliyowekwa kwenye bolti ya puli ya mbele, kufuata mwendo wa saa kwa mtu aliyesimama mbele ya gari. Ikigoma, nguvu isiongezwe. Oili iongezwe na muda pia. Ikizunguka bila kukwaruza, oili ya zamani hutolewa na chujio kubadilishwa, kisha injini huzungushwa kwa staata plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya presha ya oili izimike. Hapo ndipo petroli inapohitajika.

Petroli iliyokaa miaka hugeuka utomvu unaonuka kama vanishi, nao huziba matundu madogo ya kabureta. Tangi husafishwa, mipira yote ya mafuta hubadilishwa, na kabureta hufunguliwa na kuoshwa. Rejeta na njia za maji husafishwa pia, kwa sababu silinda hedi ya alumini haisamehe joto kali: hupinda, gasketi ikaungua, na maji yakachanganyika na oili.

Ikiwa ni lazima hedi ing'olewe, kuna jambo moja ambalo kila fundi aliyezoea injini za L16 hulijua. Mnyororo wa kemshafti hukazwa na kifaa kidogo chenye springi kilichojificha nyuma ya kifuniko cha mbele. Mnyororo ukilegea pale sproketi inapofunguliwa, kifaa hicho huchomoka, na kukirudisha kunahitaji kufungua sehemu yote ya mbele ya injini. Kinga yake ni kabari ya ubao. Inachongwa, inafungwa kamba ya kuivutia, na kuteremshwa kati ya pande mbili za mnyororo kabla ya bolti ya sproketi kuguswa. Kipande cha ubao kisicho na bei huokoa kazi ya siku nzima. Mnyororo na sproketi pia vitiwe alama kwa rangi ili virudi vilivyokuwa.

Wengi huuliza kuhusu petroli isiyo na risasi, kwa kuwa injini hii iliundwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Katika hedi ya alumini, vikalio vya valvu ni pete za chuma zilizopachikwa, hivyo karakana yenye mashine inaweza kuzing'oa na kuweka zilizo ngumu zaidi. Ni kazi ya kufanywa hedi ikiwa nje tayari; si sababu ya kufungua injini inayofanya kazi vizuri.

Vipimo vichache vinatosha kuiweka sawa. Mwanya wa valvu injini ikiwa moto ni milimita 0.25 kwa za kuingizia na 0.30 kwa za kutolea moshi. Mwanya wa platini ni kati ya milimita 0.45 na 0.55, na wa plagi kati ya 0.80 na 0.90. Mfuatano wa kuwaka kwa silinda ni 1, 3, 4, 2. Umeme wa gari ni wa volti 12. Kosa linalofanana na ubovu wa injini mara nyingi ni waya uliotafunwa na panya, au kiungio cha waya wa ardhi kilichoshika kutu.

Breki hazina mjadala

Hapa ndipo mahali ambapo ubahili huua. Gari linaweza kutembea na rangi iliyobabuka au kiti kilichochanika, lakini halipaswi kutoka getini na breki za zamani, hata kama pedali inahisi ngumu mguuni.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Katika gari lililosimama miaka mingi, unyevu huo huozesha ndani ya masta silinda na silinda ndogo za magurudumuni, na mipira ya kuzibia hukauka na kupasuka. Ajabu ni kwamba mfumo kama huo unaweza kushika vizuri mara kumi za kwanza, kisha ukaachia mara ya kumi na moja, gari likiwa limeshuka nusu ya mteremko. Kwa hiyo mipira yote hubadilishwa, mabomba ya chuma yenye kutu hutengenezwa upya, na mipira myepesi inayofika magurudumuni haitumiki tena kwa vyovyote. Mafuta yawe ya breki tu, ya daraja linalofaa kama DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini ikiingia humo hata kijiko kimoja, mipira huvimba na mfumo wote huharibika.

Vumbi la breki za zamani lina hatari yake. Breki shuu nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, madini ambayo nyuzi zake zikivutwa zinaweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Desturi ya kupuliza dramu kwa upepo wa kompresa, huku watoto wamesimama kutazama, ni ya kuachwa. Dramu hulowanishwa kwa maji, hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hicho hufungwa katika mfuko na kutupwa.

Matairi nayo yasihukumiwe kwa meno yake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani kwa miaka mingi, hata likiwa halijatembea, hupasuka likipata joto la barabara kuu. Na kama gari halina mikanda ya usalama, au iliyopo imeoza, mipya ifungwe kwenye sehemu imara za bodi kabla ya abiria wa kwanza kuingia.

Rangi huja mwisho

Wapita njia huona rangi, na ndiyo maana wengi huanzia hapo. Lakini rangi inayopulizwa kabla ya kazi ya chini kukamilika itaungua kwa cheche za kuchomelea na kukwaruzwa na spana. Inapofika zamu yake, kazi kubwa ya kukwangua, kupiga msasa na kusawazisha inaweza kufanywa nyumbani kwa subira. Kupuliza ni habari nyingine. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kikaushi zina kemikali zinazoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na kitambaa puani hakizuii chochote. Ni afadhali kazi hiyo ipelekwe kwa mwenye chumba na vifaa vya kinga.

Vipuri na gharama

Kwa bahati njema, injini za familia hiyo hazikufungwa katika gari moja tu. L16 ilitumika pia katika Datsun 160J na katika baadhi ya pikapu za Datsun, hivyo pampu, valvu, gasketi na distribyuta vinaweza kupatikana katika magari yaliyokwisha kukatwa. Wenyeji hutafuta katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na soko la Kisekka mjini Kampala. Kinachosumbua zaidi ni vitu vya wagoni pekee: vioo vya ubavuni, mlango wa nyuma, mipira ya kuzuia maji, na taa za nyuma. Anayevikuta vizima katika gari lake avitunze kama yai, maana vikivunjika hakuna duka la jirani litakalovirudisha.

Kuhusu fedha, kanuni ya mafundi wazoefu ni kutumia kwanza kwenye vinavyosimamisha gari, kisha kwenye vinavyolishikilia, kisha kwenye vinavyoliendesha, na mwisho kwenye vinavyolipamba. Yaani breki na matairi, ndipo bodi, ndipo injini, ndipo rangi na viti. Aliyefuata mpangilio huo akaishiwa katikati ana gari salama lenye sura mbaya. Aliyeugeuza ana gari zuri linaloweza kumzika.

Kwa wanaotaka kuvuka mpaka

Wasikilizaji wengi wana ndugu pande mbili za mpaka, na gari la urithi huwa liko upande mmoja na mrithi upande mwingine. Kulihamisha moja kwa moja ni uingizaji, na masharti ya umri na ushuru ya nchi linakokwenda hutumika. Kwa safari ya muda, kibali cha kuingiza gari kwa muda na bima ya Kadi ya Manjano ya COMESA, inayotambuliwa katika nchi nyingi za kanda hii, ndivyo vitu vya kuulizia mapema.

Jambo jingine ni upande wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Taa za mbele za gari lililoundwa kwa ajili ya kushoto humulika upande usiofaa kulia, na huwatia kiwi madereva wanaokuja. Taa za duara za Datsun hubadilishwa kwa urahisi, na marekebisho hayo yafanywe kabla ya safari ya usiku.

Kujua pa kukomea

Si kila gari linalostahili kufufuliwa. Kama mahali pa kufungia springi pameoza, vizingiti vimekwisha na karatasi hazipo, gari hilo linaweza kufaa zaidi kwa kuokoa mengine mawili kuliko kujiokoa lenyewe. Kuuza vioo vyake, injini na milango kwa wanaovihitaji si kumsaliti marehemu. Kulitoa barabarani likiwa limefunikwa fila, likabeba wajukuu wake, ndiko kumsaliti.

Lakini pale chuma kilipo kizima, kazi iko ndani ya uwezo wa familia yenye subira, fundi mwaminifu na uwanja wenye kivuli. Itachukua miezi mingi, pengine miaka. Uamuzi wa kwanza hauhitaji hata senti: kuliondoa gari kwenye udongo, kulifunika pasipo kulinyima hewa, kuwafukuza kuku, na kumwambia mnunuzi wa vyuma chakavu asubiri mpaka ndugu wote wakutane.